Sisimizi wa Mbwarali

Sogeeni, niwape uongo wangu wenye ukweli. Palikuwa na bahili mmoja, Mbwarali, mtu bure kabisa. Sisimizi walijipanga mstari hadi chumbani mwake. Akafagia, wakarudi. Akamwaga majivu, wakarudi. Akamwaga mafuta ya taa, wakarudi. Badala ya kuufuata mstari aone unakoishia, zezeta yule akapayuka, "Jirani yangu Bi Kijoli ameniroga!"

Akaita mganga, mtaa mzima ukajaa uani. Mganga akafukiza ubani, akauliza, "Sisimizi, nani kawatuma?"

Wakajibu kwa sauti moja, "Halua!" Wakalibeba kapu zima kutoka uvunguni mwa kitanda chake, halua ile ile aliyowaapia wageni wa Idi kwamba hana.

Bi Kijoli akamega kipande, akatafuna polepole. "Kumbe uchawi wangu mtamu, mwanangu."