Vita Vimekwisha, Yeye Yuko Pangoni

Ndugu zangu, leo niwasimulie habari za mtu mmoja aliyekuwa na akili nyingi. Msifurahi mapema. Akili hizo hizo ndizo zilizomponza.

Mtu huyu aliishi wakati wa vile vita vikuu vya kwanza, Mjerumani na Mwingereza walipogombana kwao Ulaya, kisha wakaja kuendeleza ugomvi katika mashamba yetu. Wazee walitusimulia. Barabara hakuna, punda wanakufa kwa mbung'o, basi mizigo ya askari ikapanda juu ya mabega ya watu. Jumbe wa kijiji akaambiwa atoe wapagazi, kila nyumba mtu mmoja. Katika nyumba hii walikuwa ndugu wawili, na karani akaandika jina la mkubwa.

Watu wakaanza kukimbilia porini. Jumbe naye hakuwa mtoto. Akatangaza kwamba vita vimekwisha, kesho kuna ngoma uwanjani, kila mtu aje acheze. Wakaja. Ngoma ilipokolea, askari wakachomoza kwenye mtama pande zote, wakawafunga watu kamba na kuondoka nao. Yule mkubwa alikuwa amechelewa njiani, akayaona yote kwa mbali. Nyumbani hakurudi. Alipanda mlimani, akaingia pangoni, na mkewe peke yake ndiye aliyeijua njia ya kumpelekea ugali.

Siku ya pili askari wakafika nyumbani wakiwa na karatasi, wakaita jina. Yule mdogo akasimama, akasema, "Ni mimi." Akachukuliwa kwa jina la kaka yake.

Mke alipompelekea mumewe habari hiyo pangoni, mume alilia sana. Halafu, niseme ukweli maana tuko nyumbani mwa Mungu, moyoni alishukuru.

Ikapita miaka miwili. Huko Ulaya wakubwa wakatia sahihi, mizinga ikanyamaza. Huku kwetu watu waliendelea kupigana siku kadhaa baada ya amani, kwa sababu habari ilikuwa bado iko njiani. Hebu fikirini, mtu anakufa kwa vita ambavyo vimeshakwisha. Hatimaye habari ikafika hadi kijijini, na yule mke akapanda mlima mbio, kikapu kikimgonga ubavuni.

"Baba watoto, shuka. Vita vimekwisha."

Mume akabaki gizani. "Nani kasema?"

"Jumbe katangaza."

"Jumbe yule yule?"

Na nani atamlaumu mtu huyu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi na wewe tungeuliza hivyo hivyo.

Akamwambia mkewe, "Vita vikiisha kweli, chumvi itarudi dukani. Niletee chumvi, nitaamini." Maana miaka ile watu walikuwa wakichuja majivu ili mboga ipate ladha. Baada ya siku chache mke akaja na chumvi, nyeupe, imefungwa katika jani la mgomba. Mume akaionja. Machozi yakamlengalenga kwa utamu. Kisha akaitema.

"Hii wamekupa wao. Mtego bila chambo haunasi. Na wewe mbona umenawiri hivyo? Nani anakulisha?"

Mwanamke wa watu akamtazama. Alikuwa amelima peke yake misimu miwili, mikono imeota sugu, anamlisha mwanamume mzima mlimani, na leo anaulizwa nani anamlisha. Aliweka ugali chini akaenda zake.

Baada ya wiki kadhaa, yule mdogo akarudi. Wengi hawakurudi, yeye akarudi. Alikuwa amekonda, anachechemea, lakini hata kuoga hakuoga vizuri, akamwomba shemeji yake amwonyeshe njia ya pangoni. Akafika mlangoni, akaketi juu ya jiwe ili apumzishe mguu.

"Kaka, nimerudi. Shuka twende nyumbani, mvua zinakaribia."

Kaka akaijua sauti. Moyo ukaruka. Lakini akili, ile akili nyingi, ikamshika shati. "Umekuja na nani?"

"Na shemeji tu."

"Waliokutuma wako wapi?"

Mdogo akavua nguo begani. Bega lilikuwa na kovu pana, jeusi, nyama imebonyea pale mzigo ulipokaa miaka miwili. "Tazama, kaka. Waliniita kwa jina lako mpaka nikalizoea. Siku ya kuachiliwa, karani kaita jina lako, nikaitika, akalifuta. Hawakutafuti tena."

Mngesemaje ninyi? Mtu amekubebea mzigo wako, amekwenda kwa jina lako, amerudi kukwambia jina limefutwa. Si ungetoka ukamkumbatia?

Yule kaka alilitazama lile kovu, akasema, "Naona bega lako limekwisha. Sasa wanataka jipya."

Mdogo hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alivaa nguo yake taratibu, akasema, "Nitakuja tena, kaka, mguu ukipoa." Akashuka akimshikilia shemeji yake.

Hakuja tena. Nyuma ya vita ilikuja homa, ile homa ya kifua iliyozoa watu dunia nzima, na ikamkuta mwili wake hauna akiba. Aliumwa siku nne. Siku zote nne alikuwa akiulizia kama kaka ameshuka.

Sasa, kwa watu wale, ndugu mdogo hafukiwi kaka yake asipotupa udongo wa kwanza. Kwa hiyo walimlaza wakangoja. Wanawake wakapaza kilio hadi kikafika mlimani. Vijana wakatumwa chini ya mlima kuita, "Njoo, mdogo wako amefariki." Yule mtu akasikia yote, akatikisa kichwa. "Leo wamewafundisha hata wanawake kulia." Akajisogeza ndani zaidi. Wakangoja siku mbili. Siku ya tatu mwili haukungojeka, udongo wa kwanza ukatupwa na mtu wa pembeni.

Kesho yake mke akapanda. Hakuleta ugali, hakuleta neno. Alisimama tu mlangoni pa pango, kichwa kimenyolewa kipara, kama wafiwa wa kwao wanyolewavyo.

Mume alipokiona kile kichwa, hakuuliza nani kasema. Hakutaka chumvi. Alitoka pangoni akipiga yowe, akateremka mlima akijikwaa, akapita mbele ya nyumba ya jumbe mchana kweupe, akapita kwa watu wanaopanda mahindi, na hakuna aliyemshika. Hakuna aliyekuwa akimtaka. Alifika kaburini, akachota udongo kwa mkono, akasimama nao. Kaburi lilikuwa limeshajaa.

Ndugu zangu, mmemwona mtu huyu? Habari njema aliletewa na mkewe, akaikataa. Ililetwa chumvi, akaitema. Alikuja ndugu yake mwenye kovu, akamwona ni mtego. Hata kilio cha msiba alikiita hila, lakini habari mbaya ilipokuja na kichwa kilichonyolewa, aliiamini papo hapo, bila kuuliza hata neno moja. Hiyo ndiyo tunayoita akili.

Na sisi je? Tukisikia fulani anatusengenya, tunaamini kabla msemaji hajameza mate. Tukisikia fulani anataka tupatane, tunauliza anatafuta nini. Humu ndani wamo watu ambao ugomvi wao ulikufa miaka mingi, aliyeuanzisha amezeeka, shamba lililogombaniwa limeshaliwa na mto, na bado wanakaa benchi la mbali ili wasipeane mikono. Nawajua. Msitazamane, kila mtu ajitazame.

Tena kubwa kuliko hilo. Yupo aliyeitika jina lako, akaubeba mzigo ulioandikiwa wewe, na makovu anayo. Wewe unasema utafikiri kwanza. Unataka uhakika zaidi. Uhakika gani, ndugu yangu?

Sikatai kwamba ulidanganywa. Wengi wetu tumedanganywa, na waliotudanganya tunawajua kwa majina. Lakini yule aliyekudanganya siye huyu anayekuita leo. Kama yuko mtu uliyemwacha aondoke na neno lake la amani, ukitoka hapa usipite nyumbani kupika. Nenda kwake moja kwa moja, umsalimie angali anaweza kuitikia.