Kizibo Kimoja, Debe Zima

Paukwa!

Pakawa!

Mlio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, Komba alikuwa na mwembe mmoja. Mwembe ukachanua. Ukazaa vitoto vya maembe. Kisha po! po! po! vyote vikaanguka. Kiangazi kizima watoto wa Komba wakalamba utomvu wa mgunga, hadi ndimi zikawauma.

Mwaka uliofuata, vitoto vilipofikia ukubwa wa choroko, Komba akaenda mbio kwa Bi Kanga, mkulima hodari.

"Shikamoo, Bi Kanga. Maembe yangu yataanguka tena!"

"Marahaba. Chukua chupa hii ya dawa ya kushikiza matunda. Kizibo kimoja, debe zima la maji. Nyunyizia alfajiri. Kizibo kimoja, umesikia?"

"Kimoja, bibi."

Komba akapima kizibo kimoja. Akanyunyizia matawi ya chini, fyuu! fyuu! Debe likaisha. Akatazama. Maembe ni yale yale.

"Kizibo!" akacheka. "Hakifiki hata tonge la mtoto. Tembo la mnazi hunywewa kwa kata, sembuse dawa!"

Akajaza debe jingine. Akamimina dawa, kata nzima. Akanyunyizia matawi ya juu, fyuu! fyuu!

Siku ya tatu, kule juu, po! po! po! Halikubaki hata embe moja.

Komba akarudi kwa Bi Kanga, amefura. "Dawa yako mbovu!"

"Ulipimia nini?"

Komba akakuna sikio.

"Komba mwanangu, ulipimia nini?"

"Kata."

"Ehee! Dawa ile, kidogo hushika tunda, nyingi huliangusha. Mti si mlevi mwenzio! Na matawi ya chini je?"

"Yameshika."

"Basi hayo yatawalisha wanao. Umwagilie maji mwembe wako, na chupa nirudishie."

Komba akatii. Maembe ya chini yakanenepa, yakaiva, yakanukia njia nzima. Watoto wakala, utamu ukawachuruzika hadi viwikoni. Kitindamimba akainua macho.

"Baba, mbona kule juu hakuna kitu?"

"Kule juu nilitia ujuaji wangu," akasema Komba. "Kula, mwanangu."

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaotabasamu: dawa ni kipimo. Ukiambiwa kimoja, ni kimoja. Ngano yangu imekomea hapo. Aliyeisikia naye akawasimulie wenzake.