Mwezi Ulioitwa Karibu

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mjane, mcha Mungu kwelikweli, aliyempenda kitinda mimba wake hadi majirani wakamwonea kijana huruma. Akina mama, msinune bado, sijafika.

Kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Ni desturi, na kijana hakuigomea. Alikuwa mwalimu wa sayansi wilaya ya mbali. Mama akapatwa na presha, naye akaomba uhamisho. Akapanga chumba ng'ambo ya mto. Mama akasema mto unajaa. Akajenga nyuma ya migomba. Mama akasema kutoka huko hasikii mwanawe akikohoa. Mwishowe mama akaita fundi, akatoboa ukuta wa chumba chake mwenyewe na kuweka mlango usio na komeo, ili kijana na mkewe walale chumba cha pili.

Kila aliposogea, kitu kilimdondoka. Aliacha kwaya, kisha akaacha kucheka. Mkewe, mwenye mimba changa, akamwambia, "Mume wangu, siku hizi nikikuita inakuja nusu yako tu. Siku utakayolala chumba kile, mimi nitakuwa kwetu." Kijana alikuwa ameanza kumwitikia mama kabla hajaitwa, na jambo hilo lilimtisha.

Jioni ya kuamkia siku ya kuhama, akaazima darubini ya shule na kuitega uani. Ujasiri wa kusema hakuwa nao, akaona mbingu imsemee.

Mama akainama, akafumba jicho moja. Ndani ya kioo ilining'inia Zohali, sayari iliyoonekana ndogo, yenye rangi ya samli, pete imeizunguka, haina sauti, haitikisiki.

"Ni taji, mwanangu," mama akanong'ona.

"Si taji, mama. Ni vipande vya barafu, vingine kama nyumba, vingine kama vumbi. Wataalamu wengine wanasema huenda zamani vilikuwa mwezi wake mmoja. Ulisogea karibu mno. Upande unaoitazama sayari ukavutwa kwa nguvu kuliko upande wa nyuma, mwezi ukashindwa kujishika, ukapasuka. Sasa vinazunguka tu. Kuondoka haviwezi, na kurudi kuwa mwezi haviwezi."

Sauti iliyosema hayo kijana hakuitambua kuwa yake. Akangoja. Alijua mama si mjinga, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alitumaini.

Mama alikaa kwenye darubini kwa muda mrefu. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Maskini, mwezi wa watu," akasema. "Kwani haukuwa na mama wa kuukanya?"

Akajifuta kwa upande wa khanga, akamshika mwanawe mkono. "Twende ndani, baridi hii. Rangi ya mlango imeshakauka."

Na kijana akaenda.

Najua kila mmoja hapa anamfikiria mtu aliyemvuta: mama mkwe, bosi, kaka mkubwa. Sote tumejiona mwezi. Nani kati yetu amejiona Zohali?

Sayari ile haikuuchukia mwezi wake, wapendwa. Ilivuta tu, na haikusikia kitu kikipasuka. Sisi je? Ni nani anayetuzunguka leo kwa vipande, nasi tunawaonyesha wageni na kusema, tazameni ninavyopendwa? Mungu, ambaye angeweza kutuvuta hadi tusagike, ametuachia nafasi ya kusimama mbele zake tukiwa watu. Sisi tumepata wapi haki ya kumnyima mwenzetu nafasi hiyo? Nasema kwa uchungu, maana nami ni baba.

Ukitoka hapa, mtafute yule unayempenda kuliko wote, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe: nenda kwako. Mwambie leo, angali mzima.