Mtoro wa Tanurini

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa jangwani palikuwa na yatima aitwaye Unaisa, binti wa miaka tisa, akilelewa na shangazi yake Bi Khaula, mwoka mikate. Watoto wenziwe hawakumtaka mchezoni. Walidai ana kisirani, kwa kuwa mama yake alifariki siku aliyomzaa. Basi akawa anazungumza na mbuzi, na mbuzi, kama mjuavyo, hana jibu.

Asubuhi moja alimfuata mbuzi wake hadi kwenye tanuri bovu la wafinyanzi, nje ya mji. Ndani akamkuta mtu mzima amejikunja, ndevu zimejaa majivu.

"Usiogope, mwanangu," mtu yule akasema. "Nimetoroka. Nisitiri, usimwambie mtu nilipo."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Umeua?"

"Hasha. Nakimbia nisije nikaua."

Unaisa hakuelewa kitu. Lakini hakuwa amepata kuombwa jambo na mtu tangu azaliwe, akaahidi. Kila siku akawa anampelekea nusu ya mkate wake, naye akimfundisha sura fupi fupi za Kurani na kuzicheka hadithi zake za mbuzi. Akisali, hulia hadi mabega yakatikisika. Mtoto akazidi kuchanganyikiwa. Mtu mbaya hulia hivyo? Na mtu mwema hujificha hivi?

Huko kisimani maneno yalikuwa hayaishi. Amiri wa mji anamsaka mtoro. Huyu akasema ni mwizi wa hazina, yule akaapa kwamba amewakimbia wake wanne kwa mpigo, na hilo ndilo walilolipenda zaidi.

Siku ya nane askari wakabisha hodi. Jirani alikuwa ameuona mkate ukitoka.

"Binti, unampelekea nani?" mkubwa wao akauliza.

Unaisa akapima moyoni. Akisema uongo, Mola anamwona. Akisema alipo, anampoteza rafiki pekee aliyempata duniani.

"Nampelekea mtu," akajibu. "Nimemwahidi nisiseme alipo. Basi uongo sisemi, na alipo sisemi."

"Hebu sema, mwanangu," Bi Khaula akamsihi. "Kwanza mkate wenyewe ni wangu."

Mtoto akatikisa kichwa. Askari wakamshika mkono wampeleke kwa Amiri, na njia ikapita mbele ya tanuri. Mara mtu yule akatoka, majivu yakimdondoka.

"Mwacheni. Mnayemtaka ni mimi."

Unaisa akafumba macho asimwone akifungwa kamba. Alipoyafumbua, askari walikuwa wameinama wakimbusu mkono. Kumbe ni Sheikh Mundhiri, mwanachuoni ambaye Amiri alimteua kuwa kadhi, naye akaukimbia ukadhi.

"Nilichelea hukumu yangu isije ikamwua asiye na kosa," akasema. "Na kukimbia kwangu tayari kumemtia mikononi mwenu mtoto asiye na kosa. Twendeni, nimekubali."

Kesho yake Unaisa akapeleka nusu mkate barazani kwa kadhi. Sheikh akaurudisha taratibu.

"Kadhi hapokei kitu cha mtu, mwanangu."

"Lakini ni nusu ile ile."

"Ni ile ile. Mimi ndiye nisiye yule tena." Machozi yakamlenga. "Na hili pia nilikuwa nalikimbia."

Unaisa akaketi kizingitini, hajui afurahi au alie. Akaula mkate wake peke yake, polepole. Kesi zilipokwisha, Sheikh akatoka, akaketi chini kando yake, mikono mitupu.

"Haya," akasema. "Ile sura tuliiachia wapi?"

Basi zingatieni, ndugu zangu. Mwanachuoni alikikimbia cheo kwa kumcha Mola, na mtoto akasimama mbele ya askari kwa kumcha Mola huyo huyo. Aliyesimama ndiye aliyemrudisha aliyekimbia. Ama wale wake wanne, Sheikh alikuwa na mke mmoja tu, naye alikwisha kufariki zamani, na kule kisimani hakuna aliyeomba radhi. Mola atujaalie ulimi wa Unaisa, nasi tuchotao maji atupunguzie maneno. Amin.