Mahandaki Elfu ya Tusajigwe

"Hata mmoja wa elfu ana mama." Mmeisikia asubuhi kwa mpishi wetu, alipomwona mwenzenu anaingia karakana bila kofia ngumu, eti tangu chuo kifunguliwe hajaangukiwa mtu. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Basi tulieni, na wewe mwenye simu iweke mfukoni. Siku hizi manesi wanaisema, madereva wa malori wanaisema, wala hawajui kwamba ilizaliwa ndani ya mlima. Ilianza hivi.

Katika milima ya Uluguru kulikuwa na kampuni iliyokuwa ikichimba handaki la maji, litoke bonde lenye mvua nyingi hadi upande wa pili wenye kiu. Mlima wenyewe waliuita Lukangazi. Miongoni mwa wahandisi alikuwapo binti wa Kinyakyusa aitwaye Tusajigwe, mwenye miaka ishirini na minane, mwembamba, mwenye haraka, ambaye chai yake ilipoa kila siku kwa sababu ya maneno. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja tu: jiwe lililo juu ya vichwa vya watu litakaa, au litashuka?

Ninyi bado wageni wa mwamba, kwa hiyo niwaeleze. Mwamba una nyufa. Nyufa tatu zikikutana juu ya dari ya handaki hukata kipande chenye ncha juu na kitako chini, kama sambusa iliyosimamishwa, ila sambusa hiyo ina uzito wa lori. Wachimbaji hukiita kabari. Kuna kabari zinazobanwa na mwamba wa pembeni zikakaa miaka mia, na kuna zile zinazongoja siku yake tu.

Mwalimu wa Tusajigwe alikuwa akizihesabu kabari kwa mkono, siku nne kwa kila mita hamsini, na mwisho wa jasho lote hilo alipata jibu la ndiyo au hapana. Tusajigwe aliona si haki. Nani anajua kwa hakika ufa umelala vipi huko ndani, au unateleza kiasi gani? Basi akaketi mwaka mzima akatengeneza programu ya kompyuta. Programu hiyo ilichukua vipimo vya nyufa ikavichezesha kidogo, ufa huu ikauinamisha, ule ikaulainisha, kisha ikachimba handaki la kufikirika. Ikachimba jingine, na jingine, hadi elfu moja, watu wakiwa bado wanakunywa chai. Halafu ilihesabu: katika mahandaki haya elfu, kabari imeanguka katika mangapi? Yakiwa chini ya matano, programu yenyewe ilituma ujumbe wa kijani kwa wakubwa wa zamu, kazi iendelee. Yakifika matano, ujumbe ulikuwa mwekundu.

Ilikuwa kazi nzuri, msije mkasikia vingine. Kuna wazee wanaopenda kusimulia kwamba kompyuta ni mjinga na fundi wa zamani ndiye anayejua. Mimi simo. Programu ile ilikwisha kukamata kabari mbili ambazo hakuna jicho lililoziona. Meneja, Bwana Lyatuu, alifurahi hadi akamwandalia Tusajigwe safari ya makao makuu. Alhamisi angeionyesha mbele ya wakurugenzi, na baada ya hapo ingefanya kazi peke yake katika mahandaki yote ya kampuni, bila mhandisi kukodolea macho kila jibu. Tusajigwe alimpigia simu baba yake Tukuyu, na baba akawaambia majirani, na majirani mnawajua.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, kesho yake ndiyo safari. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Tusajigwe alisimama kwenye mlango wa handaki akivaa buti, na simu yake ikalia. Mita elfu moja mia tatu arobaini: matatu kwa elfu. Kijani.

Hapo mlangoni palikuwa na ubao wa misumari, na mtunza ubao alikuwa Bi Zamoyoni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Kila anayeingia alichukua kipande chake cha shaba chenye jina akakitundika, na akitoka alikiondoa, ili ijulikane nani yumo mlimani. Nyuma ya kila kipande Bi Zamoyoni aliandika kwa mkono wake jina la mtu wa kuitwa endapo kuna neno. Vijana wengi walipoulizwa wamwandike nani, walisema mama. Kule Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye, basi hawakuona la kufikiria.

"Shikamoo, Bi Zamoyoni."

"Marahaba, mwanangu. Naona leo unacheka na simu."

"Programu imejibu, mita elfu moja mia tatu arobaini. Matatu tu kwa elfu."

"Matatu nini?"

"Mahandaki. Nimechimba elfu kwenye kompyuta. Kabari imeanguka katika matatu. Mia tisa tisini na saba yako salama."

Bi Zamoyoni aliinua uso taratibu. "Hayo mia tisa tisini na saba yako wapi?"

"Hayapo, mama. Ni ya kufikirika."

"Mimi hapa naliona moja," alisema Bi Zamoyoni. Hakuwa akibishana, alikuwa akiuliza kama anayetaka kujifunza. "Sasa hili letu ni katika yale mengi au katika yale matatu?"

Tusajigwe aliitazama tena simu yake, kama jibu limo humo.

Bi Zamoyoni alivua kipande kimoja kwenye msumari. Kilikuwa cha Deusi Kobelo, kijana mgongaji, ambaye hutangulia wenzake kuigonga dari kwa fimbo ya chuma na kuisikiliza. Akakigeuza. "Huyu ndiye yuko mita hiyo leo. Mama yake anaitwa Perpetua, yuko Kibuko, anapanda njegere. Mimi sijui hesabu zako, mwanangu, na wala sizipingi. Ila hata mmoja wa elfu ana mama."

Akakirudisha mahali pake, akaendelea na kazi. Mtu mwingine alikuwa amekwisha kufika kutundika chake.

Tusajigwe hakuingia handakini. Alirudi ofisini huku buti moja haijafungwa kamba. Alitaka kuyaona yale matatu, ayatazame moja moja, ajue yameanguka kwa nini. Akayatafuta asiyapate. Hapo ndipo alipokumbuka kitu kilichomfanya aone haya akiwa peke yake chumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiambia programu kwamba jibu likiwa la kijani, mahandaki yaliyoanguka yafutwe. Yalikuwa yakijaza nafasi kwenye kompyuta, na aliona hayana faida. Alihifadhi yaliyosimama, akatupa yaliyoanguka.

Akaifuta amri ile, akachimba elfu upya. Safari hii yalianguka manne, bado kijani. Akayafungua. Katika la kwanza, ufa mmoja ulikuwa unateleza mno kuliko kawaida, kama umepakwa udongo wa mfinyanzi ulioloa. Katika la pili, vilevile. La tatu na la nne pia, na ni ufa uleule. Akavuta karatasi ya vipimo aone nani aliupima na lini. Ulipimwa mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi, na mpimaji aliandika neno moja: mkavu. Tusajigwe akatazama dirishani. Mvua ilikuwa inaendelea, haina habari na mtu.

Alikwenda handakini karibu mbio. Alimkuta Deusi mita elfu moja mia tatu arobaini, fimbo begani, akiwaimbia wenzake wimbo wa kipuuzi kuhusu mbuzi wa mjomba.

"Deusi, dari inasemaje?"

"Inaitika vizuri, injinia. Sauti ya chuma."

"Huo ufa wa kushoto. Nichokolee."

Deusi alipanda ngazi, akaingiza kisu, akakichomoa. Ncha ilirudi na tope la kijivu. Akalisugua kwa vidole, na vidole vikateleza kama vimeshika sabuni. Hakuimba tena.

"Tokeni wote," alisema Tusajigwe. "Polepole, msikimbie. Hapa hafanyi kazi mtu mpaka tuweke nondo ndefu za kuibana dari."

Nje, Bwana Lyatuu alikuwa amekwisha kupata habari. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wakubwa wanaompigia simu.

"Mashine yako imesema kijani," alisema.

"Ndiyo, bosi. Mimi nasema nyekundu."

"Kesho unakwenda kuwaambia wakurugenzi waiamini, na leo wewe mwenyewe huiamini?"

"Naiamini. Aliyekosea ni mimi, niliilisha vipimo vya kiangazi na sasa ni masika. Naomba siku mbili."

"Na safari?"

Tusajigwe alimfikiria baba yake na majirani wa Tukuyu. "Safari ingoje," alisema, na iliuma kweli.

Handaki likafungwa siku mbili. Wachimbaji wakapewa ruhusa ya kwenda kwao. Nondo kumi na mbili za mita nne zikazamishwa darini, na kila tundu lililotobolewa lilitoa maji. Ule ufa ulipopimwa upya, Tusajigwe aliilisha programu vipimo vya masika. Jibu likaja: arobaini na moja kwa elfu. Nyekundu isiyo na ubishi.

Mnadhani Bwana Lyatuu alipiga magoti akaomba radhi? Alikuwa mhandisi naye, alijua kutoa arobaini na moja katika elfu. "Yaani mara mia tisa hamsini na tisa katika elfu," alisema, "tungefanya kazi siku hizo mbili na lisingetokea neno."

"Ndiyo, bosi," alisema Tusajigwe. "Ni kweli."

Na ni kweli hasa. Kabari ile haikuanguka. Haijaanguka hadi leo, maji yanapita chini yake. Msiniulize kama ingeanguka, hakuna ajuaye. Kambini vijana wakamtania Tusajigwe wakimwita Mama Kabari, na wengine walinong'ona kwamba binti wa watu amepoteza safari yake kwa sababu ya tope la kisu kimoja. Naye usoni alicheka, rohoni alikuwa mnyonge. Mtu ukizuia balaa isije, huna cha kumwonyesha mwenzako. Alijiuliza kama hakuwa mwoga tu.

Jumapili iliyofuata alifika mlangoni mama mmoja mfupi, kanga mbili, kapu la njegere kichwani. Alimwambia Bi Zamoyoni kwamba anataka kumwona mtu aliyefunga handaki. Tusajigwe alipoitwa alidhani anakwenda kulaumiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Mdogo hivi?" Yule mama alitua kapu. "Mimi ndiye mama yake Deusi. Nimekuletea hizi, nimezichuma leo."

"Asante, mama, lakini mimi sijafanya kitu."

"Mwanangu alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu Krismasi. Ile Jumatano nimekaa nachambua mboga, namwona huyo anapanda mlima na mvua yote ile. Alikula, akalala kwenye mkeka wangu mpaka jioni, mdomo wazi, kama alivyokuwa mdogo. Mimi nimekaa tu namfukuzia nzi." Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Akaniambia kulikuwa na jiwe. Je, lilianguka?"

Tusajigwe angeweza kumdanganya, na uongo huo ungempa sifa. Akapiga moyo konde. "Halikuanguka, mama. Naomba nikwambie ukweli. Hata kama nisingewatoa, huenda lisingeanguka kabisa."

Mama Deusi alimtazama kama mtu anayetazama mtoto anayehangaika na fundo dogo. Akamshika mkono.

"Wewe usihangaike kunionyesha jiwe," alisema. "Mimi mwanangu nimemwona."

Tusajigwe alilia palepale, mbele ya Bi Zamoyoni na mbele ya vijana waliokuwa wakimwita Mama Kabari, wala hakujali. Mwezi uliofuata alikwenda makao makuu. Programu yake ilikuwa na mambo mawili mapya: haikufuta tena mahandaki yaliyoanguka, ila mhandisi alilazimika kuyafungua na kuyatazama kabla kijani hakijatoka, na chini ya ile hesabu yaliandikwa majina ya watu walioko mita hiyo siku hiyo. Mkurugenzi mmoja akauliza majina yanaongeza nini katika hesabu. Tusajigwe akajibu kwa maneno aliyoyasikia mlangoni mwa handaki, na kutoka hapo yakatembea mpaka yakamfikia mpishi wetu.

Basi mwenzenu yule wa kofia akiwaambia tena kwamba ni nadra, msibishane naye. Ni nadra kweli. Mvalisheni tu kofia yake, mumwambie taratibu, kama alivyosema Bi Zamoyoni: hata mmoja wa elfu ana mama.