Sala ya Kushika Mshipa

Wamesimulia waliotutangulia, nami nimeipokea habari hii kwa marehemu Bi. Damari binti Hoza mwenyewe, katika uzee wake na akili yake timamu, kwamba hapo zamani, kabla barabara ya magari haijapanda milima ya Usambara, palikuwa na mja mwema katika misheni ya Kwemvumo aitwaye Mwalimu Yoeli Shekalaghe. Wengine humtaja kama Yohana. Hilo ni kosa. Jina lake la ubatizo ni Yoeli. Yohana alikuwa ndugu yake, fundi wa viatu, wala hahusiki na kisa hiki.

Mwalimu Yoeli, Mungu amrehemu, aliwakusanya watoto kumi na wanne nyuma ya kanisa kila Jumapili kabla ya ibada, akawasimulia habari za wataalamu wa kale waliomcha Mungu: watu waliopima mwendo wa nyota kisha wakapiga magoti, watu waliochungulia bawa la nzi kwa kioo cha kukuza wakamhimidi aliyelifuma. "Hawakupima kwa sababu walimtilia Muumba shaka," aliwaambia. "Walipima kwa sababu walimwamini. Walijua kazi yake haina ulaghai. Ikague utakavyo, haitakuaibisha."

Jambo hilo halikumpendeza Mzee Filemoni Mhina, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kanisa. Alikwenda kwa Mchungaji Lazaro Singano akanena, "Baba Mchungaji, leo anawafundisha kuhesabu nyota. Kesho watatuhesabu sisi."

Mchungaji Lazaro alikuwa mcha Mungu wa kweli, ila mwepesi wa ghadhabu na mrefu wa mahubiri. Alimwita Mwalimu, akamwambia, "Sihukumu nisichokiona. Nitawatazama watoto wako ibadani mpaka sikukuu ya Mavuno. Wakiwa na adabu mbele za Mungu, darasa litaendelea. Wakileta michezo, nalifunga, nawe utarudi kwenye a, e, i, o, u."

Mwalimu aliitikia kwa unyenyekevu, akaondoka na hofu moyoni, kwa maana darasa lile alilipenda kuliko chakula, na watoto wale aliwajua. Mmoja wao aliwahi kuja na panzi kwenye ubatizo.

Lakini likatokea la ajabu. Jumapili iliyofuata, mara Mchungaji alipoanza kuhubiri, watoto wote kumi na wanne walitulia tuli. Macho waliyainua juu. Mkono wa kushoto uliushika wa kulia kwenye kifundo, na midomo yao ikatikisika polepole bila sauti. Walikaa hivyo mpaka "Amina". Hata yule wa panzi hakugeuka.

Ikawa hivyo Jumapili ya pili, na ya tatu. Jumapili ya tatu Mchungaji alishindwa kujizuia. Alisimamisha mahubiri, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Wazazi, watazameni watoto wenu! Nani kati yenu husali namna hii?"

Kwa kuwa hakuna aliyesali namna hiyo, walianza. Mama Eunike, mke wa Mzee Filemoni, alishika vifundo vyote viwili kwa zamu, asije akapungukiwa. Mzee Filemoni mwenyewe alishika juu mno, karibu na kiwiko, mahali pasipo na mshipa wowote wa kugusika, akasema anasikia amani. Ilipofika Jumapili ya sita kanisa zima lilikuwa limejishika, na wimbo ulipotajwa hakuna aliyekuwa na mkono wa kufungulia kitabu. Mchungaji alikwisha kuandika waraka kwa sharika kumi na mbili za milimani, akiwahimiza wote waifuate ile aliyoiita Sala ya Kushika Mshipa. Tarishi alikuwa aondoke nao Jumatatu alfajiri.

Jumapili hiyo ya sita Mwalimu Yoeli aliketi nyuma ya Damari, aliyekuwa na umri wa miaka kumi. Akainama, akamnong'oneza, "Binti yangu, hiyo ni sala gani?"

"Sisali, Mwalimu," Damari akamjibu bila kugeuza kichwa. "Nahesabu. Nawe umenivuruga, nilikuwa mia tatu na tisa."

Mwalimu akayafuata macho yake. Hayakuelekea mbinguni. Yaliishia njiani, kwenye taa ya mafuta iliyoning'inia kwa mnyororo mrefu kutoka kwenye boriti. Asubuhi za ukungu taa hiyo ilivutwa kwa kijiti, ikawashwa, ikaachiwa, nayo ikayumba kwa muda mrefu, kisha upepo wa dirishani ukaiendeleza. Ndipo akakumbuka. Wiki saba kabla yake alikuwa amewasimulia juu ya bwana mmoja wa kale ambaye, kama watu wasemavyo, aliitazama taa ya kanisa ikiyumba akaipima kwa mapigo ya mshipa wake. Alikuwa ameisimulia vizuri sana. Alichosahau ni kuwaambia wasifanye hivyo wakati wa mahubiri.

Inasemekana Mwalimu hakusikia neno lingine siku ile. Akinyamaza, darasa limepona, na sikukuu ya Mavuno imebakiza wiki mbili tu. Akisema, limekufa. Tena palikuwa na maneno ya katikati, mazuri, ya kujifichia: kwamba kuzitafakari kazi za Mungu nako ni ibada. Ni kweli, lakini siyo kweli iliyotakiwa. Alijiuliza atawezaje tena kuwafundisha watoto habari za watu walioandika kipimo kama walivyokiona, ilhali yeye amekiona na kukifunika. Ibada ilipokwisha alimshika Damari mkono, wakaenda nyumbani kwa Mchungaji.

Walimkuta akinywa chai na Mzee Filemoni, ambaye kwa mkono mmoja alishika kikombe, na kwa mkono wa pili alikishika kifundo cha mkono ule wa kikombe. Waraka ulikuwa mezani.

"Baba Mchungaji," Mwalimu akasema, "nimekuja kuungama. Watoto hawasali. Wanaihesabu taa."

Mzee Filemoni akauachilia mkono wake polepole, kama mtu aliyegundua ameshika kitu cha wenyewe.

"Si nilisema!" akanena. "Si nilisema watatuhesabu?"

"Ni taa, Mzee," Mwalimu akamjibu. "Siyo wewe."

"Tangu lini?" Mchungaji akauliza. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

"Jumapili sita, Baba. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewasimulia."

"Jumapili sita nimeihubiria taa!" Mchungaji akanguruma. "Na hao wazazi wao wamejishika mikono kama wenye baridi yabisi! Na waraka huu! Haya, binti, niambie mmevuna nini huko juu."

Damari alikuwa ameulizwa swali, naye alilijua jibu. "Tumeona, Baba, kwamba taa ikiyumba mbali au ikiyumba karibu, muda ni uleule."

"Uongo. Nimetembea kwa miguu sharika zote za milima hii. Anayekwenda mbali huchelewa."

"Taa haichelewi, Baba."

Mchungaji akasimama. "Twendeni. Nitaihesabu mwenyewe, kisha nilifunge darasa hili kwa ushahidi."

Wakaingia kanisani wote wanne. Mwalimu aliivuta taa mbali kwa kijiti akaiachia. Mchungaji, amejishika kifundo, alihesabu mapigo ya mshipa wake kwa miyumbo kumi. "Sabini na tano!" akasema. Wakangoja mpaka taa ikayumba kidogo tu, upana wa kiganja. Akahesabu tena kumi. "Sitini na tatu! Mmeona? Si sawa. Ni uongo, kama nilivyosema."

Mwalimu akainamisha kichwa. Damari akamtazama Mwalimu, kisha Mchungaji, kisha akapiga goti kidogo kama walivyofunzwa watoto wa wakati ule.

"Baba, kwa heshima yako, iliyobadilika siyo taa."

"Ni nini basi?"

"Ni moyo wako. Uliingia umekasirika sana. Sasa umekasirika kidogo."

Mzee Filemoni akakohoa. Hatimaye Mchungaji akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa nifanyeje?"

"Uketi, Baba. Hasira ikiisha, hesabu itakaa sawa. Sisi tukitoka kukimbia huwa tunangoja."

Basi Mchungaji Lazaro Singano, aliyekuwa amekuja kufunga darasa, aliketi kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kifuani, akangoja ghadhabu yake ipungue ili apate hesabu ya haki. Alijaribu akapata hamsini na nne, akaona bado. Akaketi tena. Mwishowe taa ilipoyumba mbali alipata arobaini na nane. Ilipoyumba karibu alipata arobaini na nane.

Alirudia mara ya pili, na hakuna aliyemhimiza. Kisha akasema taratibu, "Nani ameiamuru hivi?"

"Mwalimu alisema tukifika hapo, tunyamaze kwanza," Damari akajibu.

Wakanyamaza wote wanne, na bila kujua kila mmoja alikuwa amejishika mshipa. Mzee Filemoni, safari hii, alikuwa ameupata.

Waraka haukupelekwa. Mchungaji aliutangazia ushirika ukweli kwa kinywa chake mwenyewe, akawafungua mikono, isipokuwa Mama Eunike, aliyesema kwamba yeye amekwisha kuzoea na inamsaidia. Darasa halikufungwa. Sharti lilikuwa moja: kuhesabu kufanywe kabla ya ibada, na wakati wa mahubiri watoto wasihesabu kitu chochote. Baada ya kutoa sharti hilo Mchungaji alimwita Damari kando, akamuuliza mahubiri yake ya Jumapili iliyopita yalikuwa ya miyumbo mingapi.

"Elfu moja na mia moja, Baba. Pale aliponivuruga Mwalimu nimekadiria."

Waliohudhuria Jumapili iliyofuata hushuhudia kwamba mahubiri yalikuwa mafupi. Yalikuwa mafupi kwa kiasi gani, haijulikani, kwa maana hakuna aliyehesabu.

Enyi wasomaji, Mwalimu Yoeli hakujua kwamba ukweli ungeliokoa darasa lake. Aliusema akiamini kwamba unaliua. Waja wale wa kale aliowasimulia watoto walipima kwa sababu waliamini kwamba Muumba hadanganyi. Basi aliyejifunza kwao hana ruhusa ya kudanganya juu ya alichokiona, hata pale uongo unapokuja umevaa mavazi ya ibada na kusifiwa mimbarani. Mola atujalie moyo uliotulia kiasi cha kuhesabu sawasawa, na ulimi wa kuitaja hesabu hiyo kama ilivyo.