Baraza la Uso Mmoja

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa baraza!
— Pakawa viti!
Vitini kuna nani?
— Sema wewe, sisi tupo!

Haya, sogeeni. Wewe uliye mlangoni, ingia au toka. Ngano hii haipendi mtu wa kusimama kizingitini, na utajua kwa nini.

Hapo kale, kale hasa, palikuwa na mji ukiitwa Kwajumbe. Mji ule uliongozwa na baraza la wanaume watupu, na wanaume wenyewe wa ukoo mmoja. Kiti kikiwa wazi, walimtafuta mtu wa kufanana nao. Mwanamke? Hapana. Mfinyanzi wa bondeni? Hapana. Mfugaji wa nyikani? Huyo hata kuota asiote.

Mlangoni pa baraza palikuwa na beseni la shaba. Kila mjumbe alinawa uso humo kabla ya kuketi. Maji yale hayakumwagwa tangu enzi za mababu, yakipungua yaliongezwa tu. Mnaona kinyaa? Ngojeni kwanza.

Basi Kitwana, mume wa Mashavu, akarithi kiti cha mjomba wake. Kitwana alikuwa na kovu juu ya nyusi, pengo la meno mbele, na kicheko cha kumwangusha mtu ungo mkononi. Mashavu alikipenda kicheko kile kuliko dhahabu zake zote.

Siku ya kwanza Kitwana alirudi nyumbani kutoka barazani, kovu halipo.

"Baba Chausiku," Mashavu akamuuliza, "kovu lako liko wapi?"

"Kovu gani?"

Siku ya pili, pengo limeziba.

"Baba Chausiku, mbona siku hizi hucheki?"

"Kuna cha kuchekesha?"

Siku ya tatu, jua la utosi, Mashavu anapepeta mchele. Akasikia, "Hodi, mke wangu, nimerudi." Akafungua mlango. Lo! Wanaume watatu wamesimama kizingitini, uso mmoja, sauti moja.

"Nimerudi," akasema wa kwanza.

"Nimerudi," akasema wa pili.

"Nimerudi," akasema wa tatu.

Hawakuwa wakitania, jamani. Kila mmoja aliamini kuwa pale ni kwake. Mashavu akawatazama machoni mmoja mmoja, asimjue wake. Akafunga mlango, ungo ukamtoka mkononi, akakaa chini akalia kwa hofu.

Alipofuta machozi akateremka bondeni kwa Bi Nyamvula mfinyanzi. Akamkuta na Barisa mfugaji, aliyekuja kununua mtungi. Akawaeleza yote.

"Sishangai," akasema Barisa. "Nilikwenda kuwaomba njia ya ng'ombe. Wakanijibu kwa pamoja, 'Kama jana.'"

"Na sisi tuliomba kisima," akasema Bi Nyamvula. "'Kama jana.' Lakini nikuulize, mwanangu. Mwenyekiti wao, Mzee Shomvi, alikufa masika yaliyopita. Kaburi tulilichimba sisi wa bondeni, na kwa macho yangu nilimwona akishushwa. Kiti chake amepewa nani?"

"Hakupewa mtu, bibi. Viti vimejaa."

Wakatazamana.

Mmeelewa? Walimzika, wakarudi barazani, wakanawa, wakaangaliana. Uso ni mmoja kotekote, viti vimejaa. Nani angejua nani amepungua?

Sasa, kazi ya wanawake pale barazani ilikuwa moja tu: kufika na chetezo cha ubani na kufukiza wakiwa kizingitini. Bi Nyamvula akatoa chetezo kikubwa kuliko vyote. Barisa akafungua mkoba wake, akatoa pilipili kavu za nyikani, zile zinazomliza mtu kabla hajazionja. Mashavu akazificha chini ya ubani. Wakaenda watatu.

Wakafika. Mashavu akapuliza makaa. Moshi ukaingia ndani, mzito, mwekundu.

Chafya! Kikohozi! Kamasi! Baraza zima likajikunja na kulia machozi. Mmoja tu, katika kiti cha katikati, alitulia tuli. Kifua hakipandi, hakishuki.

Mashavu akavuka kizingiti. Akasimama mbele ya kile kiti cha katikati.

"Mbona hukohoi?"

"Kama jana."

"Mbona hupumui?"

"Kama jana."

"Mzee Shomvi, kwenu si huku tena. Kesho utatuamulia nini?"

Yule akafungua kinywa, na humo mkatoka mchanga. Mchanga mwekundu wa kaburini, ukamiminika mpaka likabaki joho tupu juu ya kiti.

Barisa akalipindua beseni kwa teke. Maji yakaenda zake, lakini nyuso zikabaki vilevile.

"Kitwana!" akaita Mashavu.

"Naam, mke wangu," wakaitika wote.

"Mume wangu ana kovu juu ya nyusi," akasema Mashavu. " Alilipata siku ya posa. Alipanda mnazi wa baba yangu ajionyeshe, akaangukia zizi la mbuzi!"

Pembeni mtu akacheka. Kikatoka kile kicheko chenyewe! Baada ya kicheko likaja pengo, baada ya pengo likaja kovu. Mashavu akamrukia shingoni mbele ya watu wote, na aibu aliiacha nje.

"Na wewe," Bi Nyamvula akamnyooshea mwingine kidole, "wewe ndiye mwenye pua ya kupinda, unayenikopa mitungi!" Pua ikapinda. Barisa naye akamtaja mwenye jicho la kengeza. Uso mmoja mmoja ukarudi kwa mwenyewe, na kila uso ulirudishwa na mtu asiyefanana nao.

"Wenyewe kwa wenyewe tusingejuana kamwe," akasema Kitwana. "Kaeni."

Wakakaa. Mashavu alikung'uta mchanga, akaketi katika kiti cha katikati. Kisima kikachimbwa, njia ya ng'ombe ikafunguliwa, na vigelegele vilisikika mpaka nyikani.

Tangu hapo, kabla ya kikao hutazamana kwanza. Nyuso mbili zikianza kufanana, shauri husimama, wakatafuta mtu wa kuketi kati yao.

Na siku nyingine, jua la utosi, mlango wa baraza hugongwa polepole.

"Hodi. Nimerudi."

Mashavu huwa hainuki.

"Kiti kina mtu," humjibu.

Ngano yangu naiweka chini. Tamu yake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi. Ila kabla hamjainuka, tazamaneni nyuso.